Miaka 14 ya kutafuta dawa, na bado sina dawa

Kila nikirudi Mombasa, shangazi yangu wa Kibokoni hunipokea kwa kahawa chungu, kashata na swali lile lile: "Haya, hiyo dawa yako iko wapi?" Mwanzoni nilikuwa nikijaribu kumweleza. Baadaye nikawa nacheka tu. Mwaka huu natimiza miaka 14 katika kazi ya kutafuta dawa na jibu halijabadilika. Hakuna. Zunguka maduka yote ya dawa kuanzia Mwembe Tayari hadi Likoni, hutapata kidonge hata kimoja kilichotoka mikononi mwangu.

Safari hii alinyamaza kidogo, akanimiminia kikombe cha pili, kisha akauliza, "Na mshahara wakulipa?"

Wanalipa. Basi nieleze wanalipia nini.

Mimi ni mkemia wa dawa. Watu hunichanganya na mfamasia, lakini mfamasia anakupa dawa ambayo ipo tayari. Mimi naanza pale ambapo haipo. Wenzangu wa baiolojia wanatafuta mahali pa kumpiga kimelea wa malaria, kwa kawaida protini fulani asiyoweza kuishi bila hiyo. Wanapima maelfu ya molekuli, na chache zinaonyesha dalili, tena dalili dhaifu. Mimi nachukua moja kati ya hizo na kuibadilisha kidogo kidogo: naondoa atomi hapa, napachika pete ya kaboni kule, napeleka ikapimwe, nasoma majibu, narudi mezani. Saa nyingi zinapita mbele ya kabati lenye feni ya kuvuta mvuke, nikitenganisha ninachokitaka na takataka iliyozaliwa pamoja nacho. Aliyewahi kukuna nazi na kukama tui ameshaijua nusu ya kazi hii, hasa ile sehemu ya kushangaa jinsi kitu kingi kilivyotoa kidogo.

Nitasimulia molekuli moja. Niiite 212, kwani kwetu molekuli hazipewi majina hadi ziwe na matumaini. Katika kijisahani cha maabara 212 iliua vimelea vya malaria vizuri sana, nikalala na furaha. Tatizo ni kwamba haikuyeyuka. Panya aliimeza, ikapita tumboni kama mchanga wa Nyali, ikatoka ilivyoingia. Tukaipachika naitrojeni yenye chaji ili ipende maji. Ikayapenda. Majibu ya moyo yakarudi mabaya.

Hapa nitulie kidogo, kwa sababu jambo hili limeua molekuli nyingi kuliko watu wanavyodhani. Seli za moyo zina mlango wa kupitishia potasiamu, sisi tunauita hERG, na mlango huo hausaidii tu moyo kupiga. Unausaidia kutulia kati ya pigo na pigo. Una uwazi mpana ndani yake, na molekuli yenye sehemu ya mafuta pamoja na naitrojeni yenye chaji huingia humo na kukaa, kama mgeni asiyejua kuaga. Ndivyo ilivyokuwa kwa terfenadine, dawa ya mzio iliyotumiwa na mamilioni. Kwa kawaida ini liliigeuza karibu yote kabla haijafika moyoni. Lakini mgonjwa akiwa anatumia dawa fulani za fangasi, au hata akinywa maji ya balungi, kimeng'enya, yaani protini ya ini inayofanya kazi hiyo, kinazuiwa, terfenadine inajaa katika damu, na mapigo ya moyo yanavurugika. Watu walikufa. Dawa ikaondolewa sokoni mwishoni mwa miaka ya 1990. Kinachonifurahisha mimi ni kilichofuata: kile ambacho ini lilikuwa likikitengeneza kutokana nayo ndicho kilichokuwa kinatibu, na hakiugusi moyo. Kikatengenezwa chenyewe, kikaitwa fexofenadine, na leo unaweza kukinunua. Ini lilikuwa mkemia bora kuliko wakemia.

Kwa 212 halikuwa na huruma hiyo. Tulipoipunguza nguvu ile naitrojeni, moyo ukasalimika lakini ini likaitafuna kwa dakika chache. Tukaweka florini mahali ini lilipokuwa likiuma. Ini likashindwa, na kimelea naye akaacha kujali. Miezi 19 ya kazi ikafungwa katika kikao cha nusu saa, chenye biskuti. Nilikasirika, sitaficha, ingawa najua ni nafuu molekuli ife kwa panya kuliko ifike kwa mtu. Hata kati ya zile zinazofikia majaribio ya binadamu, takriban moja kwa kumi ndiyo inayoidhinishwa, na njia nzima huchukua miaka 10 na zaidi.

"Mbona mwahangaika," huniambia jirani yetu mmoja, "na mwarobaini uko hapo nje?" Sidharau hoja yake. Dawa kuu ya malaria tuliyo nayo imetoka kwenye mmea. Mwanasayansi Tu Youyou wa China alikuwa akitafuta katika maandishi ya kale, akakuta maelekezo ya tabibu Ge Hong wa karne ya 4: loweka mmea katika maji, kamua, kunywa. Hayakutaja kuchemsha. Akatambua kwamba huenda moto ndio uliokuwa ukiharibu dawa, akaikamua kwa etha, kimiminika kinachochemka kwa joto dogo tu, badala ya maji ya moto. Mwaka 1972 fuwele za artemisinini zikapatikana, na 2015 akapewa Tuzo ya Nobeli. Siri ya molekuli ile ni oksijeni mbili zilizoshikana kama daraja. Zikikutana na chuma ndani ya kimelea, daraja linavunjika na vipande vyake vinamharibu. Mimi hujiuliza ni sufuria ngapi zimechemsha kile kile zilichokuwa zikikitafuta.

Lakini artemisinini yenyewe ni dawa ngumu: haiyeyuki vizuri katika maji wala katika mafuta. Wakemia wakaigeuza. Artemether inapenda mafuta. Artesunate inakubali maji, hivyo inaweza kudungwa kwenye mshipa. Hiyo ya pili ilijaribiwa kwa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika, Kilifi ikiwa mojawapo ya vituo, na matokeo ya 2010 yalionyesha vifo vilipungua kwa asilimia 22.5 ikilinganishwa na kwinini. Badiliko dogo pembeni mwa molekuli.

Vijana huniandikia wakitaka kujua njia. Somo lenyewe ni kemia ya kaboni, shahada ya kwanza hadi ya uzamivu, na kwangu ilibidi niondoke Pwani, kwa sababu maabara za kazi hii ni chache Afrika. Anayetaka mfano wa karibu amtazame Kelly Chibale, mkemia Mzambia aliyeanzisha H3D, kituo cha kutafuta dawa katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Molekuli yao MMV390048, iliyotangazwa 2012, ilifika hadi majaribio ya hatua ya pili kwa wagonjwa, kisha ikasimamishwa. Kwetu huko ni kufika mbali sana.

Shangazi alisikiliza yote haya akipepea mkaa. Kisha akaniuliza kuhusu vile vidonge 24 vya mseto vya malaria, alivyopewa mwaka mmoja, akavimeza kwa chai ya rangi kwa sababu chakula kilimshinda, na homa ikamrudia baada ya wiki chache. Siwezi kuapa kwamba chai ndiyo iliyosababisha. Ila artemether ndani ya vidonge vile huisha mwilini kwa saa chache, na anayebaki nyuma siku kadhaa kumaliza kazi ni mwenzake, lumefantrine. Mwaka 1997 mkemia Christopher Lipinski alipendekeza mipaka ya molekuli ya kumezwa: uzito usizidi 500, yaani kama atomi 500 za hidrojeni, na ikitikiswa kati ya mafuta na maji, kwa kila moja inayobaki majini zisizidi laki moja zinazokimbilia mafutani. Lumefantrine ina uzito wa karibu 529, na sharti la mafuta inalivuka kwa mbali. Tumboni pasipo mafuta hainyonywi vizuri.

"Yaani yataka wali wa nazi," akasema.

Nikamwambia hata maziwa yatafaa.

Jirani alipopita barazani akaitwa kwa sauti. "Njoo umuone! Ndiye huyu aliyetengeneza ile dawa ya kula na wali wa nazi." Nikafungua kinywa kusahihisha.

"Nyamaza wewe," akasema shangazi, "kahawa yapoa."