"Akanipa dawa" ama "akunipa dawa": AI na sisi tunaochapa sauti

Kazi yangu ni kuchapa sauti. Mtu akirekodi mahojiano, ama mkutano, ama kikao cha akina mama wanane wakiongea juu ya zahanati yao, mimi naletewa faili narudisha maandishi, nani alisema nini, dakika ya ngapi, na pale hapasikiki naandika haisikiki. Nimefanya hii kazi miaka mingi hapa Nairobi na siku hizi siwezi maliza wiki bila mtu kuniuliza, sasa si AI ishakunyang'anya kazi?

Haijaninyang'anya. Imeigeuza, na vile imeigeuza ndio nataka kueleza, juu wateja wengi hawajaelewa na bei wanazonitajia zinaonyesha hawajaelewa.

Zamani saa moja ya sauti ilikuwa inakula kama saa nne za kuchapa, na hapo ni kama sauti ni safi na wanaoongea ni wawili. Kikundi cha watu wanane, mhubiri na spika yake nje ya dirisha, mtoto analia, matatu inapiga honi, hiyo weka saa saba ama nane na chai nyingi. Unakanyaga pedali, sauti inaenda, unaachilia, inarudi nyuma sekunde mbili, unachapa, unakanyaga tena. Pedali bado iko chini ya meza na bado naikanyaga, ni vidole tu ndio vimepumzika.

Kwangu mambo yalianza kubadilika baada ya Septemba 2022, OpenAI, wale wa ChatGPT, walipotoa Whisper bure, programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi, mtu yeyote anapakua anaweka kwa laptopu yake. Ilifunzwa na sauti masaa 680,000 kutoka kwa intaneti. Ukiskia hivyo unaona kweli tumekwisha, lakini hebu angalia hayo masaa yamegawanywaje: 438,000 ni sauti ya Kiingereza na maandishi ya Kiingereza, 125,000 ni ya lugha zingine zikigeuzwa kuwa Kiingereza, halafu lugha zingine zote 96 zikagawana 117,000, na hapo Kijerumani, Kichina na wenzao walishapakua mafungu makubwa, Kiswahili kikabaki kukombeleza sufuria. Watu wa Mozilla, wale wa Firefox, nao wamekusanya sauti za Kiswahili kupitia Common Voice, mradi wa watu kujitolea sauti zao, kazi nzuri sana, lakini nyingi ni za mtu anayesoma sentensi kwa skrini polepole. Hakuna shosho anasoma sentensi kwa skrini akikuelezea vile ng'ombe wake waliisha.

Sasa mashine inafanya nini ikipewa faili. Whisper inakata sauti vipande vya sekunde 30, inageuza kila kipande kuwa kama picha ya mawimbi, halafu inakisia neno moja baada ya lingine, na inapokisia haiangalii sauti pekee, inaangalia pia maneno ambayo tayari imeandika. Hapo kwa kukisia ndio kazi yangu iko.

Hii ni kutoka kwa faili niliyofanya, nimebadilisha vitu kidogo ili mwenyewe asitambulike. Mama anaelezea vile alimpeleka mtoto kliniki. Mashine iliandika hivi: "Nikafika kwa daktari, akaniangalia, akanipa dawa, nikarudi nyumbani na mtoto vile nilikuja." Kiswahili kisafi, hakuna kosa la herufi hata moja. Lakini ukisikiza, yule mama anameza h kama wengi wetu, na alichosema ni "akunipa dawa". Hakunipa. Vokali moja tu. Mashine ilikuwa imeshaandika nikafika, akaniangalia, mlolongo wa ka, ka, ka, kwa hivyo kukisia akanipa ilikuwa ndio kitu rahisi. Lakini malizia sentensi usikie, "nikarudi nyumbani na mtoto vile nilikuja". Mtu aliyepewa dawa haongei hivyo. Sasa fikiria hiyo ripoti ni ya kuuliza kama dawa zinafikia watu.

Ama kura na kula. Mimi ni wa Murang'a kwa hivyo naruhusiwa kusema, r na l kwetu ni mtu na binamu yake. Mzee anasema kabla ya uchaguzi walipewa mia mbili mbili "ya kura". Ni pesa ya kula, ama ni pesa ya kura? Moja ni chakula cha mchana, nyingine ni kesi. Mimi nasikiza alivyotamka r na l kwa faili nzima, naangalia swali aliloulizwa, na kama bado sina uhakika naweka alama namuuliza mtafiti. Mashine haiweki alama. Inachagua moja inaendelea, na ile iliyochagua inaonekana sawa tu na zile zingine zote.

Hiyo ndio tofauti kubwa. Binadamu akichoka anaruka neno, anaandika vibaya, kosa unaliona. Kosa la mashine limenyoroshwa pasi. Halafu kuna ile ya kujitungia, kukiwa kimya kwa muda inaweza andika sentensi nzima ambayo hakuna mtu alisema, mimi nimewahi kupata mtu anashukuru watazamaji katikati ya mahojiano ya msiba, nadhani ilijifunza hiyo tabia kwa video za intaneti. Kuna utafiti wa Marekani uliotoka 2024, walipata kama asilimia 1 ya vipande vya sauti vilikuwa na maneno ya kujitungia, na hiyo ni Kiingereza. Asilimia moja ni kidogo mpaka ujue huwezi kuiona bila kusikiza zile 99.

Mpwa wangu alikuja kunisaidia likizo, nikampa faili ambayo mashine imeshapitia. Baada ya dakika kumi akaniambia, "Anti, hii si imeshaandikwa, nasahihisha nini?" Alikuwa anasoma, hasikizi. Nikamwambia afunike skrini kwanza, asikie sentensi, ndio afungue aone. Jioni akaniita, "Anti, kuja uskie, hapa amesema tulilipwa ama tulilipa?" Nikajua sasa ameanza kazi.

Shida ni malipo. Mteja ananitumia maandishi ya mashine ananiambia ni kuangalia tu, kwa hivyo bei ni chini ya nusu. Sauti safi ya Kiingereza, bosi mmoja anaongea ofisini, sawa, hapo kweli nimeokoa muda na hiyo bei nakubali. Lakini kikundi kinachoruka kutoka Kiswahili kwenda Kikamba kwenda Sheng, kuna siku nafuta yote naanza upya, na kufuta pia kunachukua muda ambao hakuna mtu analipa.

Na kuna hii ya kupandisha faili kwa tovuti yoyote ya bure. Ukirekodi mgonjwa akiongea juu ya ugonjwa wake hiyo ni data nyeti, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 imeweka masharti kabla data ya mtu ivuke mpaka. Mimi faili za afya naendesha mashine kwa laptopu yangu, waifai nimezima. Inachukua muda na feni inalia kama posho mill lakini sauti ya mtu haitoki kwa nyumba.

Siku hizi sitaji bei kwa simu. Naomba dakika tano za sauti kutoka katikati ya faili, sio mwanzo juu mwanzo kila mtu ana adabu, napitisha kwa mashine halafu nasikiza mwenyewe, nahesabu pale imenidanganya. Mteja wa juzi nilimtumia hizo dakika tano, maneno yenye makosa nimeyapaka njano, ukurasa ukakaa kama mathree ya Buru, zile matatu za rangi kila mahali. Alinyamaza siku mbili. Halafu akatuma faili zote kumi na moja kwa bei ya zamani.