Mbegu za maua ya bustanini: tunayoambiana na ukweli wenyewe

Kila mwaka watu wananunua pakiti mpya ya mbegu za maua wakati bustani yao imejaa mbegu za bure zinazodondoka chini, na ukiwauliza kwa nini hawazikusanyi utasikia yaleyale, eti hazioti, eti zitatoa ua la ajabu. Mengine yana chembe ya ukweli, mengine hayana hata hiyo.

"Mbegu za dukani zimewekewa kitu zisizae tena"

Hapana. Teknolojia ya kufanya mmea utoe mbegu zisizoota ipo kweli, ilipewa hataza (haki ya uvumbuzi) Marekani mwaka 1998, ila haijawahi kuingia sokoni. Zipo aina chache ambazo ni tasa, mfano marigoldi fulani zilizotokana na kuchanganya jamii mbili tofauti, lakini hiyo ni tabia ya mchanganyiko wenyewe, sio dawa.

"Haibridi haioti"

Haibridi, yaani mmea uliotokana na kuchanganya aina mbili, inaota vizuri tu, ishu ni kwamba watoto hawatafanana na mama. Mendel, yule mtafiti wa urithi wa mimea, alishaonyesha hii kitu kwenye njegere na akaichapisha mwaka 1866, ukichanganya yenye maua ya zambarau na yenye maua meupe kizazi cha kwanza chote kinatoka zambarau, kizazi kinachofuata weupe unarudi kama kwenye mmea mmoja kati ya minne. Kwa hiyo pakiti ikiandikwa F1, yaani kizazi cha kwanza cha haibridi, na wewe unataka rangi ileile, nunua tena, kama hujali mchanganyiko basi panda, mi naona bustani inapendeza hivyohivyo.

Na hapa kuna lingine, watu wanaogopa kwamba ukipanda zinia nyekundu karibu na nyeupe ua litabadilika rangi. Ua la mwaka huu halibadiliki hata kidogo, kinachobadilika ni mbegu iliyo ndani yake maana nyuki ameshahamisha chavua, utayaona matokeo mwakani. Switipii, maua ya jamii ya njegere, zenyewe hujichavusha kabla hata ua halijafunguka, ndo maana zinabaki vilevile.

"Ua likinyauka tu, vuna"

Hii ndo inaharibu mbegu nyingi kuliko zote, na watu wanaishia kulaumu duka. Petali zikinyauka mbegu bado inajijaza chakula, ukikata hapo unapata maganda matupu. Subiri. Marigoldi inakuwa na kikombe cha kijani chini ya ua, kiache mpaka kigeuke rangi ya nyasi kavu, ukivuta petali zilizokauka zinatoka na vijiti vyembamba vyeusi vyenye mkia mweupe, hizo ndo mbegu, na ukikuta ile nusu inayotakiwa kuwa nyeusi bado imepauka ujue umewahi. Zinia acha kichwa kizima kiwe kahawia na kikwaruze mkononi, mbegu zake ni bapa kama ncha ya mshale. Balsamu ndo mtihani, tunda lake likiiva ukiligusa linapasuka na kurusha mbegu mbali, hivyo livalishe kifuko cha kitambaa chepesi mapema.

Halafu jamani, msivune yale maua ya mwisho wa msimu yaliyodhoofika kwa sababu tu ndo yamebaki. Chagua mmea mzuri kuliko yote mapema ukiwa bado na nguvu, ufunge uzi, na maua yake usiyakate.

"Zianike juani zikauke haraka"

Jua kali linaweza kuua mbegu, na oveni ndo kabisa. Zitandaze kwenye karatasi, kivulini, hewa ipite, wiki moja mpaka mbili. Mbegu nyembamba ikiwa kavu inavunjika ukiikunja, ikipinda tu bado ina maji.

"Friji inaua mbegu"

Kinachoua ni maji yaliyo ndani ya mbegu yakiganda. Mbegu iliyokauka sawasawa inapenda baridi, ile ghala ya mbegu ya dunia kule Svalbard, Norway, inazihifadhi kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Weka kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko unaobana, na ukiitoa usiifungue mpaka ipoteze ubaridi, la sivyo unyevu wa hewa unaingia wote humo.

"Inayoelea kwenye maji ni mfu"

Kwa maua kipimo hiki usitumie kabisa, zinia na marigoldi ni nyepesi na zinaelea hata zikiwa nzima. Chukua 10, zifunge kwenye tishu yenye unyevunyevu ndani ya mfuko, sehemu yenye joto kiasi, zikiota 7 au 8 una mbegu nzuri.

"Za mwaka juzi tupa tu"

Zijaribu kwanza. Mtaalamu wa mimea William Beal alifukia chupa za mbegu huko Michigan mwaka 1879, na ilipofukuliwa moja mwaka 2021 baadhi ya mbegu zake ziliota. Sio kila ua lina uvumilivu huo, delfiniamu huchoka mapema sana, ila zinia iliyotunzwa kavu inakaa miaka kadhaa.

"Mbegu ya ua haina madhara"

Switipii, lupini na moningi glori mbegu zake zina sumu, na zile za switipii zinafanana na njegere kavu. Andika jina na mwaka kwenye kila bahasha, na uziweke juu ambako mtoto hafiki.