Je, wajua kwa nini simu nyingine hazijui umegeuka ndani ya miwani ya VR?

Jioni moja hapa Moshi, mtoto wa kaka yangu alinijia na miwani ya VR (uhalisia pepe, yaani picha zinazokuzunguka kama umo ndani yake) ya plastiki, ile ya kutumbukizia simu, aliyoinunua Mbuyuni. Simu alishaipachika na kizinduzi kimefunguka. Kizinduzi ni programu ya kuanzia: badala ya aikoni kukaa kwenye kioo kama tulivyozoea, inazipanga hewani zikuzunguke, uchague video au mchezo bila kuitoa simu.

"Bamdogo, nimeuziwa mbovu. Nikigeuka, vitu vyote vinageuka na mimi."

Nikaivaa. Aikoni zilikuwa safi, zimesimama kama hatua tatu mbele yangu. Nikainamisha kichwa, zikapanda, sawasawa kabisa. Nikageuka kushoto kuelekea jikoni, zikanifuata. Nikageuka nyuma, bado ziko puani pangu. Hapo nikajua miwani haina kosa.

Miwani ya namna hii haina hata waya mmoja, ni boksi na lenzi mbili tu. Google walilionyesha hilo mwaka 2014 walipotoa Cardboard, miwani ya kadibodi iliyobuniwa na David Coz na Damien Henry katika ofisi yao ya Paris. Kazi yote inafanywa na simu. Inachora picha mbili zinazotofautiana kidogo, moja kwa kila jicho, kwa kuwa macho yetu yameachana kwa karibu sentimita 6. Ubongo unaziunganisha na kuona umbali. Charles Wheatstone wa Uingereza alishaieleza siri hiyo mwaka 1838, kwa hiyo kusimamisha vitu mbele ya macho si kazi ngumu. Ngumu ni kugeuka.

Simu karibu zote zina akselerometa, kihisi kinachosikia mvutano wa dunia. Ndicho kinachozungusha picha ukiilaza simu. Sasa jaribu kufikiri umesimama nje asubuhi, mlima uko wazi, unakitazama Kibo. Ukiinua uso, mvutano unaigusa simu kwa pembe nyingine, nayo inajua umeinua. Kisha geuza shingo taratibu kutoka Kibo hadi Mawenzi, bila kuinama wala kuinuka. Chini ni kulekule chini. Akselerometa haijasikia chochote! Kwake umebaki kuikodolea macho Kibo. Ndiyo maana aikoni za kijana zilipanda na kushuka vizuri lakini zikakataa kabisa kwenda kushoto na kulia.

Mzunguko huo unasikiwa na jairoskopu. Usifikiri kuna pia ndogo inazunguka humo ndani kama za watoto. Ni kipande cha silikoni kisichofika ukubwa wa punje ya mchele, kinachotetemeshwa maelfu ya mara kwa sekunde. Simu ikizunguka, mtetemo unasukumwa pembeni, na simu inausoma msukumo huo mamia ya mara kila sekunde. Simu ya kwanza kuwa nayo ilikuwa iPhone 4, mwaka 2010. Mpaka leo simu nyingi za bei ya chini zinatoka kiwandani bila jairoskopu ili kupunguza gharama, na hilo linaniuma, kwa sababu wanunuzi wa miwani ya bei nafuu ndio hao hao wenye simu hizo.

Wapo wanaojaribu kuziba pengo kwa dira ya simu. Inasaidia kidogo, ila dira ni nzito kuitika, na ukisogea karibu na geti la chuma inapotea. Picha inachelewa nyuma ya kichwa, macho yanasema hivi na masikio ya ndani, yanayosikia mwendo wa kichwa, yanasema vile, na kichefuchefu kinakuja haraka. Hata kwenye simu nzuri, anza ukiwa umekaa.

Kwenye kizinduzi jairoskopu ndiyo kidole chako. Simu imefungwa, huwezi kuigusa, kwa hiyo katikati ya picha kuna kitone. Unageuza kichwa mpaka kitone kitue juu ya aikoni, unatulia kidogo, duara linajaa, programu inafunguka. Cardboard ya kwanza ilikuwa na kisumaku pembeni: ukikivuta, dira inasikia mabadiliko ya sumaku na kuyahesabu kama kubofya. Ubunifu ule mimi nauheshimu sana. Na kama miwani yako imechapwa msimbo wa QR, uusome kwa kamera ya simu kabla ya kuanza, maana ndio unaoiambia simu lenzi zimekaaje. Ukiuruka unaweza kuona kila kitu maradufu.

Kabla ya kununua miwani, tafuta neno jairoskopu, au gyroscope kama wanavyoliandika, kwenye orodha ya sifa za simu yako. Au fungua video ya nyuzi 360 YouTube, shika simu wima mbele yako, kisha uzunguke nayo. Picha ikizunguka kwa ulaini bila kuigusa kwa kidole, uko vizuri.

Nilitoa simu ya kijana nikaweka yangu. Akageuka taratibu kuelekea mlangoni, kisha nyuma kabisa, mikono imenyooshwa kama anayetafuta swichi gizani.

"Kumbe huku nyuma kulikuwa na nyingine!"