"Sikumdanganya, na Saini Alitia Mwenyewe"

Wiki hii nimeisikia tena, safari hii kutoka kwa kijana ninayemfundisha kazi: "Yule mama sikumdanganya, na saini alitia mwenyewe." Nimeuza nchini Marekani mipango ya Medicare, bima ya afya ya serikali hasa kwa wenye miaka 65 na zaidi, kwa miaka ya kutosha kujua kwamba maneno hayo husemwa pale tu mambo yanapokuwa yamekwisha kuharibika, kwa kuwa wakala ambaye kazi yake imekwenda sawa hana haja ya kutaja saini.

Nianze na yanayohesabika, maana hayo hayanisumbui. Hatubishi hodi kwa mtu ambaye hakutuita, wala hatumpigii simu au kumtumia ujumbe wa simu bila idhini yake. Hatutangazi mipango ya mwaka ujao kabla ya tarehe 1 Oktoba, na msimu wa kujiandikisha ni kuanzia tarehe 15 Oktoba hadi 7 Desemba. Zawadi haizidi dola 15, na kwa mtu mmoja jumla yake haizidi dola 75 kwa mwaka. Vitafunio vinaruhusiwa, mlo kamili hauruhusiwi. Hatuuzi katika chumba ambamo mgonjwa anatibiwa. Mtu aweza kuyakariri haya yote kwa jioni moja, na nadhani ndiyo sababu mawakala huyapenda: ukishayatimiza unajiona mtakatifu.

Neno la kwanza linalonipandisha hasira ni "bure". Mpango wa Medicare Advantage (Medicare inayotolewa kupitia kampuni binafsi) wenye ada ya dola sifuri si wa bure, na kanuni zinakataza waziwazi kuuita hivyo. Mwanachama kwa kawaida huendelea kulipa ada ya Sehemu B (ile sehemu ya Medicare inayolipia madaktari na matibabu yasiyo ya kulazwa), ambayo mwaka 2025 ilikuwa dola 185 kwa mwezi kwa watu wengi, na akiugua huchangia gharama ndani ya mtandao wa madaktari wenye mkataba na mpango huo, hadi kikomo ambacho mwaka huohuo kiliweza kufika dola 9,350. Sifuri imebandikwa mlangoni, bili zimekaa sebuleni.

Hata hivyo, "bure" ni kosa jepesi, kwa sababu linasikika na linaweza kurekodiwa. Linaloniudhi zaidi ni sentensi ya kweli kabisa ambayo kila wakala huitamka: "Usihofu, unaweza kubadilisha kila mwaka." Ni kweli kwamba kila msimu mtu anaweza kutoka Medicare Advantage na kurudi Medicare ya asili, inayoendeshwa na serikali yenyewe. Ambalo halisemwi ni kwamba Medicare ya asili humwachia mgonjwa kwa kawaida asilimia 20 ya gharama za Sehemu B, bila kikomo chochote, na kwamba pengo hilo ndilo linalozibwa na Medigap, bima ya nyongeza inayouzwa na kampuni binafsi. Mtu aliyefikisha miaka 65 na kuingia Sehemu B ana miezi 6 ambayo kampuni haiwezi kumnyima Medigap wala kumpandishia bei kwa sababu ya ugonjwa. Aliyechagua Medicare Advantage mara tu alipostahili Medicare akiwa na miaka 65 ana miezi 12 ya kujaribu na kurudi akiwa bado na haki hiyo. Baada ya hapo, katika majimbo mengi, kampuni inaweza kuuliza historia ya afya yake na kumkataa. New York, Massachusetts, Connecticut na Maine zina sheria zao zinazouacha mlango wazi zaidi, lakini wengi hawaishi huko.

Tuseme mtu amejiunga akiwa mzima, na miaka mitano baadaye anapata saratani na kumtaka daktari aliye nje ya mtandao. Ruhusa ya kubadilisha anayo, kama alivyoahidiwa. Anachokosa ni kampuni itakayokubali kumuuzia Medigap. Wakala wake hakusema uongo hata mara moja.

Hapa sina budi kukiri kwamba mimi pia si msafi. Mtu akitoka Medicare ya asili na kuingia Medicare Advantage, kamisheni yangu ya mwaka wa kwanza inaweza kuwa mara mbili ya ile ya miaka inayofuata, na sijui kama kuna siku ambayo jambo hilo halikunong'ona sikioni mwangu. Isitoshe, kwa wateja wengi wa kipato kidogo Medicare Advantage ndiyo chaguo bora, na nikiwatisha mno kwa habari za Medigap wasiyoweza kuilipia, nitakuwa nimewapotosha kwa upande mwingine.

Lingine ambalo mafunzo hayaligusi ni usahaulifu. Mzee akiniuliza swali lilelile mara ya tatu, sina kipimo cha kuamua kama anaelewa anachotia saini. Humwomba anieleze mpango huo kwa maneno yake mwenyewe. Wapo wanaoueleza vizuri kabisa, na bado ninaondoka na wasiwasi. Ninaposhindwa kuamua, humwelekeza kwa washauri wa SHIP, mpango wa serikali wa kushauri watu kuhusu Medicare bila malipo, ambao wako katika kila jimbo na hawalipwi kamisheni, na ninakubali kwamba huenda nimempoteza mteja.

Tukimrudia yule mama, alijiunga alipofikisha miaka 65, na sasa ni miezi saba. Mlango wake bado uko wazi. Daktari wake wa moyo hayumo katika mtandao, jambo ambalo kijana wangu hakuliuliza. Akirudi Medicare ya asili, kamisheni ya miezi iliyobaki itadaiwa irudishwe. Kijana aliniuliza kama ni lazima ampigie na kumweleza. Nilimjibu kwamba sijui kifungu kinachomlazimisha, kisha nikavuta kiti na kukaa pale mpaka alipoinua simu.