Limau lililomenywa sio lazima liwe mahubiri

Kuna watu ukiwaonyesha picha iliyochorwa na Mholanzi miaka ya 1600, meza, glasi, limau limemenywa nusu, wanaanza hapohapo: limau maana yake hivi, chaza maana yake vile, utadhani kuna kamusi ya siri. Haikuwepo bana. Zipo zenye mahubiri waziwazi, zile za vanitas, fuvu, saa, mshumaa umezimika, na hata jina limetoka kwenye kitabu cha Mhubiri kwenye Biblia, "ubatili mtupu". Ila limau watu walikuwa wanakamulia kwenye chaza na kutia kwenye mvinyo, halafu lile ganda linaloning'inia ukingoni mwa meza, njano huku, weupe wa ndani kule, ni mtihani kwa mchoraji, aliyeliweza alikuwa anajionyesha kwa wateja. Aliyetaka kuona funzo pale aliliona, sawa, ila sio kwamba limeandikwa.

Dai jingine, eti picha hizi zilichorwa gizani kwa mshumaa. Wee angalia glasi! Picha za Pieter Claesz au Willem Heda, wote wachoraji wa Haarlem, Uholanzi, sogeza macho mpaka kwenye tumbo la ile glasi ya kijani, utaona vimiraba vyeupe: hilo ni dirisha, mchana kweupe, mara nyingi kushoto. Lile giza la nyuma ni ukuta wa kahawia au kijivu, mchoraji kaupaka makusudi ili fedha na glasi zitokeze. Claesz kuna picha yake ya fidla na fuvu, ya kama 1628, ameweka mpira wa kioo, na mle kwenye mpira yumo mwenyewe anachora.

Maua sasa, eti yalichorwa yakiwa pamoja chomboni, hii inanichekesha. Tulipu linachanua masika ya Ulaya, waridi linasubiri joto, sasa yalikutana wapi kwenye chombo kimoja? Wengi walichora ua mojamoja, wakayaunganisha baadaye. Jan van Huysum, mchoraji wa maua wa Uholanzi, alipenda kusubiri ua lenyewe lichanue, ndio maana picha yake moja iliyoko London imeandikwa miaka miwili, 1736 na 1737.

Na eti chakula cha kwenye picha hizi ni cha kawaida cha nyumbani. Picha ya Claesz ya 1627 yenye pai ya bata mzinga ina pilipili manga iliyotoka Asia kwa meli, mali ya bei, halafu imewekwa kwenye karatasi la kalenda lililokunjwa kama karanga za stendi.