Je, wajua kwa nini ugonjwa wa MS huwa mwingi zaidi kadiri unavyoiacha Ikweta?

Kaskazini ya Scotland kuna visiwa vya Orkney, kwenye latitudo ya nyuzi 59, ambako mwezi Desemba jua huonekana saa sita tu kwa siku, tena chini kabisa angani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta kwamba katika kila watu 100,000 wa huko, karibu 400 wana maltipo sklerosisi, ugonjwa ambao wagonjwa wenyewe huuita MS. Afrika kusini mwa Sahara, makadirio hayafiki hata 10.

Kwenye MS, kinga ya mwili huacha kazi yake ya kupigana na vijidudu na kuishambulia mielini, utando wa mafuta unaofunika mishipa ya fahamu kama plastiki inavyofunika waya wa umeme. Utando ukichubuka, ujumbe wa ubongo hukwama njiani: jicho hufifia, mguu hufa ganzi, mwili huchoka bila kazi.

Wengi husema ni suala la damu tu, kwamba Wazungu ndio wanaorithi. Hapo Australia inatuumbua. Wakazi wengi wa Tasmania, kusini kabisa, na wa Queensland, kaskazini kwenye joto, wana asili moja ya Uingereza na Ireland. Hata hivyo Tasmania ina MS mara kadhaa zaidi. Kinachotofautiana sana ni jua.

Miale ya jua ndiyo inayoifanya ngozi itengeneze vitamini D, ambayo husaidia kuituliza kinga ya mwili. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walipopima damu ya wanajeshi iliyokuwa imehifadhiwa miaka mingi, waliona kuwa wanajeshi weupe wenye vitamini D nyingi hawakuugua MS kwa wingi kama wenzao. Kwa weusi uhusiano huo haukuonekana wazi, jambo ambalo makala nyingi hulipitia juu juu.

Na ramani yenyewe ina matundu. Sardinia, kisiwa cha Italia chenye jua la kutosha, kina MS nyingi mno. Wasami, wanaoishi kaskazini kabisa ya Norway, wanayo kidogo kuliko majirani zao. Hapo ndipo jeni zinaporudi mezani. Mwaka 2024, uchunguzi wa mifupa ya kale ulionyesha kuwa baadhi ya jeni za hatari ziliingia Ulaya kaskazini miaka 5,000 hivi iliyopita, zikiletwa na wafugaji waliotoka nyika za mashariki.

Sehemu inayonivutia kuliko zote, lakini, inapitia Kampala. Daktari Denis Burkitt alikuwa akitibu watoto wa Uganda waliokuwa na uvimbe wa taya, saratani ambayo sasa ina jina lake. Vipande vya uvimbe vilipelekwa London kwa ndege, na mwaka 1964 ndani yake vikatambuliwa virusi vya Epstein-Barr. Karibu sote tunavyo. Miaka 58 baadaye, watafiti waliofuatilia wanajeshi zaidi ya milioni 10 wa Marekani waligundua kuwa hatari ya MS huongezeka mara 32 baada ya mtu kuambukizwa virusi hivyo.

Kwetu mtoto huvipata akiwa bado mdogo sana, mara nyingi bila hata homa ya kukumbukwa. Ulaya wengi huvipata wakiwa vijana, na wanaougua kwa kishindo katika umri huo ndio walio katika hatari zaidi. Latitudo, kwa hiyo, imebeba mambo matatu kwa pamoja: jua, ukoo na umri wa kuambukizwa.

Wahamiaji wanaithibitisha hesabu hiyo. Watoto waliozaliwa Uingereza na wazazi kutoka visiwa vya Karibi walikutwa na viwango vinavyokaribia vya Waingereza, tofauti kabisa na vya wazazi wao. Kusini mwa California, utafiti wa mwaka 2013 ulikuta wanawake weusi wakiugua zaidi ya weupe. Ngozi nyeusi si ngao, hasa kwa aliyelelewa mbali na Ikweta.

Kuna na jambo la mashine. MS huthibitishwa kwa picha ya ubongo inayopigwa na mashine ya MRI na jicho la daktari bingwa wa neva, na vyote viwili ni adimu nje ya miji yetu mikubwa. Mama ambaye mguu wake umekufa ganzi kijijini huenda akaambiwa ni kiharusi, au amerogwa, na hesabu ya kitaifa haimwoni.