Binti Amepata Ufadhili: Yanayosemwa Mtaani na Ukweli Wake

"Kapata ufadhili, mzazi sasa apumzike."

Maneno haya huziumiza familia nyingi kwa sababu yanawakuta hawajajiandaa. Ufadhili wa sekondari mara nyingi hubeba ada na michango, basi. Ikifika fomu ya kujiunga, mzazi anakutana na orodha: godoro, shuka, ndoo, jembe, kwanja, fagio la chelewa, rimu ya karatasi, sare, viatu vyeusi. Tanzania ilifuta ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali tangu 2016, na ya kidato cha tano na sita mwaka 2022, lakini orodha hiyo ipo palepale. Kwa msichana ongeza taulo za kike kila mwezi na nauli ya likizo. Mfadhili anayeijua kazi hulizingatia hilo: CAMFED, shirika la kusomesha wasichana lililopo Tanzania tangu 2005, humsaidia msichana hadi kwenye sare na taulo za kike.

Wala si jambo la leo. Mwaka 1960 vijana wengi wa Kenya walikuwa na nafasi katika vyuo vya Marekani, ila nauli ya ndege hawana. Mwanasiasa wa Kenya, Tom Mboya, akahangaika mpaka taasisi ya familia ya Kennedy ya Marekani ikatoa dola 100,000. Miongoni mwa waliosafiri mwaka huo ni Wangari Maathai, binti wa wakulima wa Nyeri, ambaye mwaka 1971 alipata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Nairobi. Hakuna mwanamke wa Afrika Mashariki na Kati aliyemtangulia. Bila ile nauli, barua ya chuo ingebaki karatasi.

"Mkopo wa bodi si ndiyo ufadhili huohuo?"

Hapana. Mkopo wa HESLB, yaani Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, hurudishwa. Mnufaika akiajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi. Mzazi aelezwe mapema, asije akadhani binti kaanza kazi na anawanyima wenzake. Samia Scholarship, ufadhili wa serikali wenye jina la Samia Suluhu Hassan, iliyoanza mwaka wa masomo 2022/2023, haidaiwi, ingawa nayo hupitia bodi hiyohiyo. Tena si ya wasichana peke yao kama jina linavyowafanya wengi waamini. Inawalenga waliofanya vizuri sana masomo ya sayansi kidato cha sita na kuendelea na fani hizo chuoni.

"Bumu likiingia, na nyumbani tukumbukwe."

Hapa naomba wazazi wanisikilize. Bumu, yaani pesa ya kujikimu ya mwanafunzi wa chuo, imepigiwa hesabu ya chakula na malazi ya mtu mmoja. Ikiingia tu, simu zinaanza: mdogo wake kafukuzwa shule, bibi anataka dawa, paa linavuja. Kaka yake aliye chuo kingine hapigiwi hivyo. Binti ndiye aliyelelewa kuibeba nyumba, na kukataa kwake kunaitwa kiburi. Anatuma, kisha anashinda na chai na andazi moja hadi jioni, na mtihani uko wiki ijayo. Ufadhili mwingi una sharti la ufaulu. Akishuka chini ya kiwango, unakatwa, na hapo familia imepoteza kila kitu kwa sababu ya elfu ishirini. Msaada mkubwa wa nyumbani kwa miaka hiyo ni kumwacha ale na asome.

"Ameshazaa, shule basi tena."

Tangu Novemba 2021, msichana aliyeacha shule Tanzania kwa ajili ya ujauzito anaruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi. Kwa waliomaliza shahada ya kwanza, ufadhili wa Jumuiya ya Madola wa kusoma Uingereza umeweka posho ya mtoto anayeishi na mzazi wake hukohuko, kwa mjane, aliyetalikiwa na mzazi anayelea peke yake. Mwanamke akijaza fomu asiogope kumwandika mwanawe, na kama mtoto atabaki, bibi yake aulizwe mapema kama yuko tayari kukaa naye mama akiwa masomoni.